UZI: Dele (birika la kahawa) la nyanya yangu limepasuka ghalani bila kuguswa. Vyombo vyetu hapa Mombasa vinaliwa na nini?

Mjukuu wa Kuze

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo.

Jumamosi tulikuwa twasafisha ghala la uani kwa ajili ya arusi ya dada yangu. Humo mna madele mawili ya shaba ya nyanya, yale ambayo babu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuzia kahawa tungu baada ya Isha, vikombe vyalia mkononi mtaa mzima. Nyanya alitaka yasuguliwe, yawekwe barazani wageni wayaone. Kufungua kitambaa, dele moja liko salama, la pili lina ufa shingoni. Mwembamba kama unywele, lakini ukipitisha ukucha wakwama. Urefu wake kama vidole viwili.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Halikuanguka. Lilikuwa limefungwa, liko juu ya rafu, na hakuna aliyeligusa toka kabla ya korona. Tena halina kutu! Lilififia rangi tu, nikalisugua kwa ndimu na jivu likang'aa. Kitu king'aacho vile chapasukaje?

Nyanya asema ni hasadi, kuna mtu alilitia jicho. Mjomba asema "shaba za siku hizi", nami nikamkumbusha kwamba dele hilo lamshinda yeye umri.

Na si hilo peke yake. Nikaingia jikoni nikaanza kupekua. Sufuria ya alumini ya kuchemshia maji ina vishimo chini, kila kishimo na unga wake mweupe. Sufuria ya stenlesi tuliyouziwa kwa kuapiwa kwamba haijui kutu ina madoa ya kahawia. Na chuma cha vitumbua cha mama kilipasuka Ramadhani iliyopita kwa mlio kama fataki. Hii ni hewa ya bahari tu, au kuna zaidi?

kijana_wa_likoni

Mpeni nyanya haki yake, hasadi ipo. Mimi nilinunua sufuria mpya, jirani akaisifu, wiki hiyo hiyo ikatoboka.

(Sawa, nilisahau mbaazi motoni nikaenda kupanda feri. Lakini aliisifu.)

Bi Achari

Wa alaykum salaam. Mimi napika achari za kuuza, za maembe na za ndimu, miaka mingi sasa, kwa hivyo kuliwa kwa vyombo nakujua kwa macho. Alumini na ukali ni maadui. Ukwaju, siki, ndimu, tungule (nyanya za kupikia) nyingi, vyote vyaitafuna. Mwanzo nilikuwa nikilaza achari kwenye sufuria, asubuhi naikuta sufuria imekwaruka ndani na achari ina ladha ya ajabu, kama umelamba kijiko. Siku hizi ni beseni la udongo au chupa, basi.

Lakini lililonishangaza zaidi ni biriani. Tulipika ya arusi, masala yenye maziwa lala na tungule, tukaiacha kwenye sufuria kubwa ya stenlesi, juu tukafunika karatasi ya foili ikagusa masala. Usiku mmoja tu. Kufunua, foili ina matundu kama imeliwa na mende, na pale penye matundu masala yana madoa ya kijivu. Sufuria ile ile, masala yale yale, mahali ambapo foili haikugusa haikutoboka. Ni kwa nini? Mwenye elimu aseme.

MzeeBomba

Waalaykum salaam. Nimestaafu, lakini kazi yangu ilikuwa kukagua mabomba na matangi kiwandani upande wa Changamwe, miaka 27, kutafuta nyufa kabla hazijatutafuta sisi. Nitajibu nijuavyo.

Kwanza, Bi Achari, ulitengeneza betri. Metali mbili tofauti, zikigusana na kitu kibichi chenye chumvi na ukali katikati, umeme mdogo hupita. Katika jozi hiyo moja hujitoa mhanga na nyingine hustarehe. Alumini na chuma zikikutana, alumini ndiyo inayoliwa. Foili ni nyembamba, haina pa kukimbilia. Sufuria yako haikudhurika hata kidogo, iliishi kwa gharama ya foili. Chakula kile mkikila hamfi, lakini pale penye kijivu pa kuchotwa patupwe. Ukitaka kufunika, weka sahani au kifuniko, foili isiguse.

Sasa Mjukuu. Umetaja mambo manne ukayatia kapu moja, nayo si ndugu. Kuliwa ni jambo moja, kupasuka ni jingine. Kutu hukaa juu, waiona, yajitangaza. Chombo hupungua unene polepole mpaka kitoboke. Ufa haupunguzi kitu. Waweza kuwa na chuma kinene, kizuri, king'aacho, na ndani yake ufa umeshatembea nusu ya njia. Sisi kiwandani bomba lenye kutu hatukuliogopa sana. Tuliloogopa ni lile safi.

Ili metali ipasuke namna ya dele lako bila kupigwa, yatakiwa mambo matatu yakutane: metali yenyewe iwe ya aina fulani, ndani yake kuwe na mvutano, na kuwe na kitu hewani au majini ambacho metali hiyo hasa haipatani nacho. Ondoa moja, ufa hauji. Mawili ya kwanza nayajua bila kuliona dele. La tatu nataka uniambie wewe. Hilo ghala limepakana na nini?

Mjukuu wa Kuze

Shikamoo mzee. Ghala liko uani. Ukuta mmoja ni wa jirani, mwingine ni wa choo cha zamani ambacho hakitumiki. Mbele yake kuna banda la kuku wa nyanya, kuku kumi na wawili na jogoo wake mmoja mkorofi. Dirisha la ghala lafungukia bandani. Na paka, bila shaka, paka wa Mji wa Kale wajulikana, hawana mpaka.

MzeeBomba

Marahaba mwanangu. Basi nyanya ana haki, kuna aliyelitia jicho dele, ila ni jogoo.

Kinyesi cha kuku kikilowa na kuoza hutoa amonia. Mkojo wa paka vilevile. Ile harufu inayokuchoma pua ukiingia bandani asubuhi baada ya mvua, ndiyo yenyewe. Na amonia kwa shaba ya manjano ni kama moto kwa pamba. Haihitajiki nyingi. Hewa iwe na unyevu, shaba ipate utando mwembamba wa maji usioonekana, amonia iyeyuke ndani yake, basi.

Kisa hiki kina historia. Jeshi la Waingereza huko India lilikuwa likihifadhi risasi za bunduki. Maganda ya risasi ni shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, kama dele lako. Kila msimu wa mvua za masika ya Bara Hindi maganda yakipasuka shingoni yakiwa ghalani, hayajapigwa, hayajaanguka. Wakauita ufa wa msimu, wakidhani ni joto na unyevu. Baadaye, mwaka 1921, wataalamu wa metali wa Uingereza wakaonyesha kwamba mkosaji ni amonia. Maghala yalikuwa karibu na mazizi ya farasi. Mkojo wa farasi, mvua, na shaba iliyobanwa shingoni kushika risasi. Farasi wao, kuku wenu.

Kwa nini shingoni? Hapo ndipo penye mvutano. Dele hutengenezwa kwa nyundo. Fundi hupiga bamba la shaba baridi, alipinde, alikunje, alibane, na pale panapobanwa zaidi, shingoni na kwenye ukingo, metali hubaki na nguvu iliyofungiwa ndani, kama kamba iliyovutwa ikafungwa fundo. Kwa macho imetulia. Kwa ndani yavuta. Amonia ikija yafungua njia katikati ya punje za metali, kwa maana metali imejengwa kwa punje zilizoshikana kama ukuta wa mawe, na amonia yala chokaa iliyo kati ya mawe. Mvutano wamalizia kazi. Ndiyo maana huoni kutu: jiwe lote zima, chokaa ndiyo imekwisha.

Shaba nyekundu tupu haina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Ni zinki inayoleta, ikipita kama asilimia 15 hivi hatari yapanda. Shaba ya manjano ya vyombo huwa na zinki asilimia 30 na zaidi.

Na dele la pili kutopasuka si muujiza. Huenda fundi wake alilipasha moto baada ya kulipiga, mvutano ukalegea. Au lilikuwa mbali na dirisha.

kijana_wa_likoni

Hahaha "farasi wao, kuku wenu." Mzee umenivunja mbavu. Jogoo akamatwe.

Viazi Karai wa Mama Ngina

Wazee heshima kwenu. Mimi nakaanga viazi karai jioni pale karibu na Lighthouse, upepo wa bahari moja kwa moja usoni. Karai langu ni la chuma cha kawaida, lilikatwa kwenye pipa. Lina shida mbili. Chini kwa nje latoa magamba, wapiga kidogo yadondoka kama gome la mti. Na ukingoni pana ufa, ulianza kama ukucha, sasa umefika nusu kidole. Fundi mmoja aliniambia atalichomelea kwa shilingi mia mbili. Nimpe?

Fundi Nyundo, Kongowea

Kaka usimpe bado. Karai la pipa ni bamba jembamba, akilichomelea hapo hapo ukingoni bila kufanya jambo jingine, ufa utaanzia pembeni ya mchomo, wiki mbili tu. Fanya hivi: mwambie atafute ncha ya ufa, mahali unapokwisha kabisa, atoboe kitundu kidogo, kama cha msumari mdogo. Ufa waenda kwa sababu ncha yake ni kali, nguvu yote yakusanyika hapo. Ukiufikisha kwenye tundu la duara, ncha yapotea, nguvu yatawanyika. Kisha aupige tupa ule ukingo wote uwe laini, kwa maana ufa wa karai mara nyingi huanzia kwenye makovu ya patasi lilipokatwa pipa. Lakini haya ni kwa ufa wa ukingoni tu, juu ya mafuta. Ufa ukishuka mpaka usawa wa mafuta, karai hilo kwaheri. Mafuta ya moto yakidondokea jiko hayasemi samahani.

Magamba ya chini ni moto wako mkali. Chuma kikipata moto wa kupita digrii 570 hivi, kutu yake ya moto hukua kwa kasi na kuambuka. Ukiona tako la karai lawa jekundu, hapo ndipo lapungua unene. Punguza makaa chini yake, viazi havihitaji tako jekundu.

Na pipa hilo lilikuwa la nini? Ulijua kabla ya kununua? Mapipa mengine yalibeba dawa.

Viazi Karai wa Mama Ngina

La mafuta ya kula. Nilinusa mwenyewe kabla ya kulipa. Asante fundi, tundu nitatoboa kesho.

Mwana wa Tudor

Fundi Nyundo, kwa kuwa uko hapa, na mimi nina swali lisilo tamu. Hizi sufuria nzito za kumimina mnazotengeneza kwa skrapu. Nimesoma kwamba wachunguzi walipima sufuria za namna hii kutoka nchi kadhaa za Afrika na Asia wakakuta zatoa risasi, ile metali ya sumu (lead), kwenye chakula kikali. WHO, Shirika la Afya Duniani, wasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Sasa mwatulisha nini?

Fundi Nyundo, Kongowea

Swali ni la haki, sitakasirika. Mimi si wa kumimina, mimi natia viraka na kupiga ribiti, lakini wa kumimina nawajua. Skrapu nzuri ni fremu za madirisha, sufuria kuukuu na nyaya za umeme zilizovuliwa plastiki. Skrapu ya wasiwasi ni ya magari, kwa maana humo mna kila kitu: aloi za injini, rejeta zilizolehemiwa kwa risasi, vipande ambavyo hata sisi hatujui. Fundi mwenye haraka hutupa vyote tanurini. Alumini huyeyuka kwa digrii 660, risasi kwa 327 tu, kwa hivyo risasi huingia mapema na kujificha. Ukiitazama sufuria huwezi kuiona. Ukiiosha haitoki.

Ninachowaambia wateja wangu: sufuria ya kumimina, chemshia maji, pikia ugali, wali. Mchuzi wa ukwaju, tungule na achari peleka kwingine. Na uji wa mtoto mchanga nisingepikia humo.

Ile nyembamba ya bamba, ya dukani, ni hadithi nyingine. Ile hutoboka mapema lakini alumini yake ni safi zaidi.

Mwana wa Tudor

Basi na hiyo safi je? Watu husema alumini yasahaulisha wazee.

MzeeBomba

Hilo la kusahaulisha limetafutwa miaka mingi na halijathibitishwa kwa sufuria. Kamati ya wataalamu ya WHO na FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) mwaka 2011 iliweka kiwango cha kuvumilika: miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mtu wa kilo 60, miligramu 120 kwa wiki, kutoka kwenye kila anachokula. Kupika wali wa nazi hakukufikishi huko. Kulaza ukwaju kila siku kwaweza kukusogeza. Mimi nyumbani nafuata desturi ya Bi Achari.

Mjukuu, twende kwenye vishimo vyako vyenye unga mweupe. Alumini peke yake ni metali yenye hasira, ikikutana na hewa yajifunga blanketi papo hapo, utando mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja ni mnene kuushinda mara maelfu. Utando huo ndio ulinzi wote. Wayeyuka kwenye ukali wa asidi, na pia kwenye upande wa pili, kwenye alkali. Wengi hawalijui hili la pili. Jivu ni alkali. Magadi ni alkali. Ukichemsha maharagwe kwa magadi kwenye alumini, ukaona sufuria imekuwa nyeusi, ni hapo. Kumbi la nazi na jivu ulivyofunzwa na nyanya ni dawa nzuri ya chungu na ya shaba. Kwa alumini ni msasa na dawa ya kuyeyushia kwa mkupuo mmoja.

Lakini vishimo ni chumvi. Maji mwayatoa wapi?

Mjukuu wa Kuze

Ya bomba yakija. Yasipokuja, kisima cha msikitini, ya chumvi kidogo.

MzeeBomba

Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, bahari imetuzunguka, kisima ukikivuta sana chumvi yapanda. Chumvi hiyo ina kloraidi, na kloraidi ni mwizi wa kuvunja mlango, haivunji nyumba. Yapata udhaifu mmoja kwenye utando, yatoboa hapo, na ikishaingia kishimoni yajitengenezea ukali wake humo ndani, kwa hivyo kishimo chachimba kwenda chini badala ya kutanuka. Ndiyo maana sufuria yabaki nzima pande zote na yavuja sehemu moja kama ya sindano. Dawa yake si kubwa: usilaze maji ya kisima sufurianina. Yamwage, ifute, iinamishe ikauke.

Kukauka, hapo ndipo Mombasa inapotushinda. Chumvi ya kula ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa kupita asilimia 75 yanyonya maji yenyewe mpaka ilowe. Ndiyo maana chupa za chumvi za mahotelini humu zatiwa punje za mchele. Unyevu wetu wavuka kiwango hicho usiku mwingi wa mwaka, na chumvi ya bahari ina chumvi ya magnesi ndani yake inayoanza kunyonya mapema zaidi. Kwa hivyo sufuria uliyoidhani imekauka kabatini, kama ilibaki na utando wa chumvi, usiku yalowa upya bila wewe kuitia maji. Shemeji yangu yuko Nairobi ana sufuria za mwaka 1988, azipiga picha kunitumia kwa makusudi.

(Nilikosea kuandika, ni "sufuriani." Macho.)

Mwana wa Tudor

Na stenlesi? Hii ndiyo inayonikera, kwa sababu ni ghali.

MzeeBomba

Stenlesi nayo ni chuma, ila kimechanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, na ya vyombo vizuri huwa 18. Mwingereza wa Sheffield, Harry Brearley, ndiye aliyeipa umaarufu mwaka 1913, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Kromiamu hufunga utando kama ule wa alumini, lakini mgumu zaidi. Ukali wa tungule hauiwezi. Kloraidi yaiweza.

Madoa ya kahawia ya Mjukuu huenda hata si ya sufuria. Mwasugulia nini, sitili wulu? Ile ni chuma cha kawaida. Nyuzi zake hukatika zikabaki kwenye mikwaruzo, ndizo zinazoshika kutu, sufuria yasingiziwa. Paka siki, iache kidogo, sugua kwa kitambaa. Doa likitoka bila kuacha shimo, sufuria haina hatia.

Likiacha shimo, ni chumvi. Msitie chumvi kwenye maji baridi. Hutua chini, punje hazijayeyuka, kila punje ni kisima kidogo cha kloraidi kali juu ya metali. Ngojea maji yachemke. Na kina mama wanaoloweka ng'onda (samaki wakavu wa chumvi) usiku kucha kwenye stenlesi, tafadhali, mna ndoo za plastiki. Klorini ya kufulia nguo nyeupe nayo isikaribie sufuria kabisa.

Sasa ufa wa stenlesi, kazi yangu hasa. Hii ya nikeli, isiyoshikwa na sumaku, ikiwa na mvutano, kloraidi, na joto la kupita kama digrii 60, yaweza kupasuka kama dele. Kiwandani tulikuwa na mabomba ya stenlesi yaliyovikwa gamba la kuhifadhi joto. Hewa ya bahari yaleta chumvi, mvua yaipenyeza chini ya gamba, bomba la moto lakausha maji na kuacha chumvi, mwaka baada ya mwaka. Wafungua gamba, bomba lang'aa, na limejaa nyufa zilizochanua kama mizizi. Kwenye sufuria tazama pale mkono ulipochomelewa au kupigwa ribiti, chumvi hujificha hapo na mvutano upo hapo. Ile ya rahisi inayoshikwa na sumaku hupata vishimo haraka zaidi, lakini ufa wa namna hii haiupati kwa urahisi. Sumaku ya mlango wa friji yatosha kupima.

Bi Achari

Mzee, na presha kuka? Yangu ya alumini ina mstari mwembamba karibu na skrubu ya mkono. Kuna kijana amesema ataichomelea.

MzeeBomba

Bi Achari, leo usiiwashe. Presha kuka ikipiga filimbi ndani mna maji ya digrii 120 hivi, na kila sentimita moja ya mraba ya kifuniko yasukumwa kwa uzito wa kama kilo moja. Zidisha kwa kifuniko kizima, ni mamia ya kilo. Siku ufa ukikamilika sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mara moja. Mchomo wa alumini huidhoofisha metali iliyo kando yake, na kijana hana namna ya kuupima. Itobolewe tundu kubwa ili asije mtu akaiokota akaitumia, kisha iende kwa wa skrapu.

Fundi Nyundo, Kongowea

Naunga mkono. Mimi huwarudisha. Hata wakilia.

Bi Achari

Haya. Nimeitoboa, mwanangu amenisaidia. Ilikuwa ya zawadi ya arusi yangu, lakini haya.

Mjukuu wa Kuze

Mzee, nitajuaje kama dele la pili nalo halina ufa ambao siuoni?

MzeeBomba

Njia ya zamani ya mafundi wa reli, kabla ya rangi za kisasa. Osha dele, likauke kabisa. Paka mafuta ya taa ndani, shingoni, yakae nusu saa. Futa mafuta yote yaliyoenea nje. Kisha kwa nje paka chokaa ya unga iliyochanganywa na spiriti, iwe utando mweupe mwembamba, iache ikauke. Kama pana ufa uliopenya, mafuta yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Fanya nje, mbali na moto, na ujue dele litanuka wiki nzima.

Chuma cha vitumbua sina haja ya kukipima, nakijua. Mama alikitoa motoni akakimwagia maji, sivyo?

Mjukuu wa Kuze

Sivyo. Alikitumbukiza kwenye beseni.

MzeeBomba

Chuma cha kumimina kina vipande vya kaboni vilivyolala ndani yake kama majani makavu, kila jani ni ufa mdogo ulio tayari. Nje yapoa na kujikunja, ndani bado moto, haikubali. Akipata kipya akiache kipoe chenyewe, akifute, akipake mafuta. Asikisugue kwa sabuni kali kila siku, ule weusi ndio ngozi yake.

Mjukuu wa Kuze

Ripoti. Nimepima yote mawili leo asubuhi, uani pamenuka kama karakana na nyanya amenifukuza mara mbili.

Lenye ufa: mstari mweusi umetoka, lakini si vidole viwili. Ni vinne! Nusu yake sikuwa naiona, na umejigawa mwishoni kama mguu wa kuku, samahani kwa mfano. La pili: jeupe pepepe, hakuna mstari hata mmoja, alhamdulillahi.

Lenye ufa nalitaka liwe la kupamba tu. Je, hilo zima nilitie kwenye ovena lilegee mvutano, kama ulivyosema fundi wake huenda alifanya?

MzeeBomba

Usithubutu. Kulegeza mvutano wa shaba ya manjano kwataka digrii 250 hadi 300 kwa muda wa saa hivi. Ndani ya dele mmetiwa bati, ili kahawa isile shaba, na bati huyeyuka kwa digrii 232. Maungio yake ya lehemu huyeyuka hata kabla ya hapo. Utatoa dele ovenini limelegea mvutano na mdomo wake, na bati limekusanyika chini kama shilingi. Hiyo ni kazi ya fundi wa shaba, apashe, kisha atie bati upya.

Na kama mtalitumia kwa kahawa, chungulia ndani kwanza kwa tochi. Bati likiwa limechakaa ukaona shaba au ukijani, lisitiwe kahawa mpaka litiwe bati jipya. Kama hamlitumii, lifute likauke, lifunge kwa kitambaa kikavu, liondoe ghalani. Yatosha.

Mjukuu wa Kuze

Nimelihamishia juu ya kabati la chumbani. Nikamwambia nyanya kwamba ama madele ama kuku, moja kati ya hayo lihame uani.

Asema madele hayatagi.

kijana_wa_likoni

Jogoo ameshinda kesi.